Mjomba, niuze begi zima ninunue kamera ndogo?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mpiga picha wa Ujiji, mama wa watoto wawili, umri miaka 33. Kazi yangu kubwa ni shughuli za wanawake: kicheni pati, kupaka hina, singo, na upande wa bibi harusi siku ya ndoa. Mpiga picha mwanamume huko haingii, ndiyo maana namshukuru Mungu sikosi kazi.

Nina Canon 5D Mark III niliyoinunua kwa mtu, lenzi ya milimita 24-105 f/4, ya 70-200 f/2.8 toleo la pili, ya 50 f/1.8 na flashi moja kubwa. Vyote vinakaa kwenye begi moja la mgongoni, na nikitoka natoka navyo vyote. Mwezi uliopita nilikuwa Kibirizi nasubiri boti ya kwenda Mwamgongo kwenye harusi. Pale kuna mama anauza dagaa wa jumla, nikamwomba mizani yake kwa utani tu. Begi likasoma kilo 6 na robo. Akaniambia, "Mwanangu, hao ni dagaa wa kulisha msiba." Tulicheka, lakini kwenye boti nililipakata begi njia nzima nikiogopa mawimbi, mpaka miguu ikafa ganzi. Bega la kulia ndilo usiseme. Siku hizi hata vidole viwili vya mkono huo vinakufa ganzi nikilala.

Kwenye boti hiyohiyo kulikuwa na mzee mmoja mzungu anashukia Gombe. Begi lake dogo kama kipochi cha sokoni. Akanipa kamera yake nishike, ni ya OM, ambao zamani ndio Olympus, lenzi 300 f/4. Akasema hiyo 300 kwake ni sawa na 600. Nikamvuta tai wa ziwani aliyekaa juu ya mti ufukweni, nikaona mpaka jicho. Mjomba, sikulala.

Niliporudi nikampigia dalali wa Dar. Anasema ananipatia Olympus E-M1 Mark II iliyotumika, lenzi ya 12-40 f/2.8, ya 40-150 f/2.8 na ya 25 f/1.8, vyote milioni 4 na laki 6. Kuna kijana Kasulu anataka begi langu lote kwa milioni 3 na laki 4. Pengo ningelijazia mkopo wa kikoba. Dalali ananiambia, "f/2.8 ni f/2.8 mama, hutaona tofauti." Mwenzangu wa Mwanga, ambaye tunaazimana lenzi kwa kuwa wote watatu hapa tunatumia Canon, anasema sensa ndogo ni mchezo wa watoto na wateja watanidharau. Mume wangu anasema shauri yangu, ila bega ninalolilalamikia ni yeye anayelikanda.

Kazi zangu nyingi ni usiku, ukumbini, taa za rangirangi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200 kwenda juu. Niuze au nisiuze?

Mwenye Bega, Ujiji

*

Marahaba mpwa wangu.

Begi usiuze. Uza lenzi moja. Na kabla ya hiyo lenzi, vidole vinavyokufa ganzi usiku vipeleke hospitali wiki hii, maana hilo si swali la kamera na mimi si daktari.

Sasa tukae kwenye mizani ya yule mama wa dagaa, kwa sababu umefanya jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifanyi: umepima. Ila umepima begi, hukupima kilichomo. Bodi yako ikiwa na betri na kadi ni gramu 950. Lenzi ya 24-105 ni 670. Ya 50 ni 160. Ile 70-200 peke yake ni 1,490. Jumla gramu 3,270. Ongeza flashi, kama ni ya ukubwa wa 600EX ni gramu 425 bila betri zake. Hatujafika hata kilo 4. Wewe umesoma 6 na robo. Kilo mbili na ushee nyingine ni za nini? Begi lenyewe lina uzito wake, sawa. Lakini nawajua wapiga picha wa harusi: chaja tatu na moja ni mbovu, stendi isiyofunguliwa tangu Idi, chupa ya maji, khanga ya akiba, albamu ya kuonyesha wateja. Mwaga begi kitandani leo usiku. Hapo utapunguza kilo nzima bila kumpigia dalali yeyote.

Baada ya hapo ndipo tuongee sensa, na sisemi ile ya kuhesabu watu, nasema kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga.

Ya kwako ni ya fremu kamili, milimita 36 kwa 24. Ya mzee wa boti, na hiyo ya dalali, ni ya mfumo wa Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic waliutangaza mwaka 2008. Ni milimita 17.3 kwa 13. Ukizidisha, yako ina eneo la milimita mraba 864, ile 225. Robo na kidogo. Dalali wako anaposema f/2.8 ni f/2.8, hajakudanganya, amekupa nusu ya maneno. Chukua nyumba ya bati ya vyumba vinne hapo Ujiji na kibanda cha jiko pembeni yake. Mvua inayonyesha ni ileile, ukisimama uani huoni tone la huku likizidi la kule. Lakini wekea kila paa mfereji na pipa lake: alfajiri pipa la nyumba kubwa linamwagika, la jikoni limefika robo. Hiyo f/2.8, yaani upana wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga (namba ikipungua, mwanga unaongezeka), ni ukali wa mvua. Sensa ni paa.

Kwa hiyo ukiweka f/2.8, kasi ya shata ileile na ISO 3200 kwenye kamera zote mbili, picha zitatoka na mwanga sawasawa, na dalali atakuonyesha kwenye skrini ya nyuma akuambie unaona? Fungua kwenye kompyuta. Ile ndogo itakuwa na chengachenga kama ungeipiga kwa 12800 kwenye kubwa, zikiwa sensa za kizazi kimoja. Hizi mbili si za kizazi kimoja, yako ni ya mwaka 2012 na ya dalali ya 2016, kwa hiyo pengo linapungua kidogo. Kuisha haliishi. Kamera hiyo ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, na kwa hilo naivulia kofia, mkono wako utatulia hata kwa kasi ndogo kabisa. Keki itatoka safi. Shangazi wa bibi harusi anayecheza hatatoka safi, maana yeye ndiye anayetikisika.

Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila kujua, mpwa wangu. Wanalinganisha mfumo mdogo na mkubwa kwa kutazama namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Ukitaka kulinganisha kwa haki, kwa sensa hiyo ndogo zidisha kwa mbili urefu wa lenzi na zidisha kwa mbili namba ya f. Utapata lenzi ya fremu kamili inayotoa picha ileile: upana uleule wa mandhari, ukungu uleule wa nyuma, chengachenga zinazokaribiana. Ile 40-150 f/2.8 uliyotajiwa, ambayo ina gramu 760 bila kola ya stendi, kwako ni 80-300 f/5.6. Sasa kuna 70-300 f/4-5.6 ya Canon toleo la pili, ya kamera yako hiyohiyo. Uzito? Gramu 710. Imekuwa nyepesi kuliko ya mfumo "mdogo"! Na bei zilipotoka, ya Olympus mwaka 2014 ilikuwa dola 1,500 kasoro senti, ya Canon mwaka 2016 dola 549. Kilichokuumiza bega ni ule mwanga mwingi uliojengwa ndani ya 70-200 f/2.8, na mwanga hujengwa kwa vioo, na kioo ni kizito kwenye mfumo wowote.

Geuza upande wa pili uone. Kuna 85 f/1.8 ya Canon, ya zamani, lenzi ya sura za watu, gramu 425. Ukitaka picha yake ileile kwenye sensa ya Micro Four Thirds unahitaji lenzi ya 42.5 yenye f/0.9. Ipo moja inayokaribia, ya Voigtländer, 42.5 f/0.95. Gramu 571, na fokasi unazungusha kwa mkono. Jaribu kuzungusha fokasi bibi harusi anapotupa shada.

Na bodi nazo hazisinyai kama watu wanavyodhani. Kiganja cha mtu hakipungui kwa sababu sensa imepungua. Betri, skrini na kishikio vinabaki palepale. Panasonic G9 ya sensa ndogo ni gramu 658. Canon EOS RP, fremu kamili kama yako ila haina kile kioo cha kuakisi ndani, ni 485.

Sitaki uone kama namtukana mzee wa boti. Yule anajua anachokifanya. Lenzi yake ya 300 f/4 ni gramu 1,270, na kwa mtu anayefuata ndege na kushuka Gombe kwa miguu ni chombo kizuri sana. Wanaomlinganisha na 600 f/4 ya fremu kamili, ile ya Canon toleo la pili yenye karibu kilo 4, wanampendelea tu, maana ya kwake ni sawa na 600 f/8. Lakini lenzi ya 600 f/8 ya fremu kamili ukaitafute wapi? Canon walipoamua kutengeneza 600 nyepesi mwaka 2020 walitoa ya f/11, gramu 930, dola 699, na haivai kwenye 5D yako. Huko kwenye lenzi ndefu, na kwenye zile ndogo za mchana, mfumo mdogo unashinda kweli. Kuna 40-150 ya Olympus ya f/4-5.6 yenye gramu 190. Mia na tisini! Fremu kamili haina kitu cha namna hiyo. Kama kazi yako ingekuwa mtalii, ziwa na jua, ningekuambia chukua mkopo leo. Lakini wewe kazi yako ni hina saa nne usiku chini ya taa ya zambarau.

Mwenzako wa Mwanga anaposema mchezo wa watoto, mwambie hiyo milimita 36 kwa 24 anayojivunia nayo ilidharauliwa. Leica ilipoonyeshwa Leipzig mwaka 1925, wenye kamera kubwa waliiona kidude, na Wajerumani mpaka leo fremu hiyo wanaiita Kleinbild, picha ndogo. Mimi mwenyewe hapa Tabora nilianza na Yashica-Mat, negativu ya mraba yenye ukubwa zaidi ya mara tatu na nusu ya sensa yako. Siku niliyokwenda kwenye harusi ya mkubwa mmoja na kamera ya filamu ya 35, baba wa bwana harusi alinitazama kifuani, akatazama nyuma yangu, akaniuliza, "Mpiga picha mwenyewe anakuja saa ngapi?" Kwa hiyo la kudharauliwa simbishii. Lipo. Ila lipo zaidi kwenye ukumbi wa mchanganyiko, mbele ya kamati, kuliko huko ndani unakofanyia kazi wewe. Mwari akiwa chini ya khanga, wanawake wakianza kuimba yale ya kuimba, lenzi nyeupe ndefu kama bomba la maji inawafanya wakae sawa na kufunga midomo. Ndogo wanaisahau. Sijui kama umeshaliona hilo, nadhani umeliona.

Haya, fedha. Dalali amekupa bei ya vitu vinne, hakukupa bei ya mfumo. Siku fokasi ikigoma Ijumaa jioni na ndoa ni Jumamosi, hapo Kigoma nani ana lenzi ya Micro Four Thirds ya kukuazima? Leo una watu wawili wa kukimbilia. Hiyo ni akiba usiyoiona kwenye karatasi ya dalali. Halafu sikuona kwenye barua yako bodi ya pili, na kwa mtu anayepiga harusi hilo lilinishtua kuliko kilo 6. Ukihama mfumo utahamia kwenye bodi moja tena, na deni juu.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Kwanza fungua kazi zako tano za mwisho kwenye kompyuta. Kila picha imeandika ndani yake ilipigwa kwa milimita ngapi. Hesabu zile ulizowapa wateja ambazo zilivuka 135. Mpwa wangu mmoja hapa Tabora, naye wa harusi, alikuwa akiapa hawezi kuishi bila 70-200. Tulipohesabu harusi nzima hazikufika kumi, na nusu yake ni mtoto aliyelala. Wewe shughuli zako ni za chumba, unaweza kusogea mpaka mbele ya mtu. Kama unapiga misa na padri anakuzuia nyuma ya kanisa, hesabu yako itakuwa tofauti na ushauri wangu unabadilika: baki nayo, ibebe siku ya misa tu.

Ukikuta hazivuki, uza 70-200. Hiyo ndiyo nyama iliyomo kwenye sufuria, na kijana wa Kasulu anajua. Ndiyo maana anataka begi zima apewe kwa pamoja. Ulizia bei yake peke yake kwa watu watatu kabla ya kumjibu. Fedha hiyo nunua kwanza 85 f/1.8 iliyotumika. Ukumbini inakuingizia mwanga zaidi ya mara mbili ya ile f/2.8 uliyouza, kwa hiyo ISO yako inashuka. Begi la usiku linakuwa bodi, 24-105 na 85, gramu 2,045. Ile 50 iache nyumbani.

Kilichobaki, au baadaye msimu wa harusi ukichanganya, tafuta bodi ya pili ya sensa ya kati, ile ya APS-C. Kwa Canon ni milimita 22.3 kwa 14.9, paa lake ni theluthi na ushee ya lako. Kama 250D, ya mwaka 2019, gramu 449. Uzuri wake ni kwamba lenzi zako zote zinaingia. Iwekee 55-250 ya STM, gramu 375. Kwa sensa hiyo inavuta kama 400 ya kwako. Ni lenzi ya jua, usiku usiitoe, na kwenye 5D haiingii kabisa. Betri nazo ni tofauti, utabeba chaja mbili. Hilo ni kero na sikufichi. Lakini siku ya Mwamgongo, sherehe ya mchana, unapanda boti na 250D, 55-250 na 50 yako: gramu 984. Haijafika kilo. Hicho ndicho kipochi cha mzee wa OM, bila kikoba. Na siku 5D ikizima katikati ya singo, unavuta hiyo ndogo, unavalisha 85, na shughuli inaendelea hakuna aliyejua.

Tai utamkosa jicho, sitakuongopea. Utampata bawa na samaki, ukikata picha kidogo pembeni.

Ukipita tena Kibirizi kupima begi jipya, mwombe yule mama afute sahani ya mizani kwanza. Nimewahi kununua lenzi iliyokaa na dagaa. Nilipiga nayo miaka miwili, na kila bibi harusi aliyesogea karibu alikunja pua.

Mjomba wa Studio, Tabora